Kahawa Ilipohukumiwa Makka

Jioni tukaapo barazani, mwuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa akivigonganisha vikombe vyake, nasi hunyoosha mkono bila ya kuuliza lo lote. Ni wachache kati yetu wajuao kwamba kinywaji hiki kiliwahi kufikishwa mbele ya wanazuoni wa Makka na kuharimishwa.

Asili ya mti wake ni Uhabeshi, katika misitu ya kusini-magharibi, ambako mibuni huota yenyewe hata leo. Kisa cha mchungaji aliyewaona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula buni kinapendeza, lakini kilichapishwa huko Roma mwaka 1671, baada ya watu kuinywa kahawa kwa miaka 200, nasi hatukitegemei. Lililo thabiti ni kwamba katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa usiku ili usingizi usiwashinde katika dhikri. Mwandishi Abdulqadir al-Jaziri amemtaja Sheikh adh-Dhabhani, mufti wa Aden, kuwa miongoni mwa walioieneza; watu wa Mukha humtaja Sheikh Ali bin Umar ash-Shadhili. Jina nalo tumelipokea kwa Waarabu, waitao kinywaji qahwa na punje zake bunn. Na qahwa, katika Kiarabu cha kale, lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo!

Basi usiku mmoja wa mwaka 1511 Khair Beg, aliyewekwa na Wamamluki wa Misri kusimamia masoko na adabu za mji wa Makka, aliwaona watu karibu na Msikiti Mtukufu wakipokezana kikombe kama wanywavyo walevi. Alipoambiwa kuwa ni kahawa, na kwamba inauzwa mahali palipo na ngoma na michezo, aliwakusanya wanazuoni kesho yake. Wao walikubali kwamba mikutano ya namna hiyo haifai. Ama kinywaji chenyewe, walisema, asili ya mimea ni halali mpaka madhara yake yathibitike, waulizwe matabibu. Wakaletwa matabibu wawili, ndugu, nao wakashuhudia kuwa kahawa ina madhara. Yasimuliwa kuwa mtu mmoja aliinuka akasema kahawa hulevya sawasawa na mvinyo. Wakamwuliza amejuaje ladha ya huo mvinyo. Akakiri kwamba amekwisha kuunywa, na adhabu ya ulevi ikampata palepale!

Kahawa ikapigwa marufuku na nyingine ikachomwa moto. Lakini jibu la Sultani Qansuh al-Ghuri lilipofika kutoka Kairo, lilikataza maovu ya mikutano tu, si kinywaji. Mwaka uliofuata Khair Beg aliondolewa katika kazi yake. Sisi hatumdhanii ubaya. Alitaka kulinda heshima ya mahali patakatifu. Kosa lake ni kuihukumu kahawa kwa makosa ya wanywaji, na kosa hilo bado twaliona majumbani mwetu, mzee amkatazapo kijana jambo jema kwa sababu tu ameliona mikononi mwa wahuni.

Haya tumeyapata kwa huyo al-Jaziri, ambaye katikati ya karne ya 16 alitunga kitabu kizima kuthibitisha uhalali wa kahawa. Wakati huohuo watu wawili, mmoja wa Halab na mmoja wa Damascus, walifungua maduka ya kahawa Istanbul. London ilipata lake mwaka 1652. Waholanzi waliipanda Java, na mwaka 1727 ikafika Brazili, nchi ambayo leo huongoza ulimwengu mzima kwa kuilima.

Kwetu ilikuja kwa njia ndefu. Wafaransa waliichukua miche kutoka Yemen mwanzoni mwa karne ya 18 wakaipanda katika kisiwa cha Réunion. Kutoka huko wamisionari wakaileta Bagamoyo katika karne ya 19, kisha Kilimanjaro. Ajabu ni kuwa Uhabeshi ni jirani yetu. Ama Wahaya wa Bukoba walikuwa na buni zao za jinsi nyingine zamani kabla ya hayo, wala hawakuzisaga: walizichemsha na kuzikausha, wakampa mgeni atafune.