Soko Limepanda, Lakini Ni Wangapi Waliopanda?

Sikio halilali na njaa. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 langu lilishiba habari moja: Soko la Hisa la Nairobi limepanda. Baada ya sala ya alasiri nikaenda barazani kwa ami yangu, Kibokoni, nikampasha.

Ami aliuza shamba lake la minazi. Nusu ya fedha alinunua hisa za kampuni moja mwanzo wa mwaka 2007. Nusu ya pili aliiweka kwa ajili ya Hija. Hisa zile zilishuka mwaka baada ya mwaka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kama soko lapanda, zangu nazo zitafuata. Kesho natia na zile za Hija, nifidie hasara."

Moyo ulinipasuka. Neno nililolisema kwa kupitisha wakati lilikuwa karibu kumkosesha mzee safari yake. Nikamwomba asubiri siku mbili, nikaenda kulisoma jedwali la bei mstari kwa mstari.

Nilichokiona ni hiki. Kipimo cha soko zima, kiitwacho NASI, huhesabu kila kampuni kwa uzito wake, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa. Safaricom ina hisa kama bilioni 40, na bei yake wakati ule ilipita shilingi 40. Hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Basi NASI ilipita 180. Lakini kipimo cha kale cha kampuni 20, ambacho hakimpendelei mkubwa, kilikuwa karibu 2,000 tu, na mwanzo wa 2007 kilipita 6,000!

Nikarudi barazani. "Ami," nikamwambia, "tuseme mashua 20 zimetoka alfajiri. Moja imerudi na nguru tele, 19 zimerudi tupu. Ukiweka samaki wote kwenye mizani moja, utasema leo bahari imetoa. Lakini pita nyumba kwa nyumba uulize nani kapika."

Ami akacheka. "Kumbe mimi nahesabu samaki wa mashua ya jirani!"

Kuhesabu mashua ndiko wenye kazi hiyo wanakokuita kupima upana wa soko. Kila jioni huhesabu kampuni zilizopanda bei, wakatoa zilizoshuka. Tuseme zimepanda 8 na kushuka 20, hesabu ni 12 chini ya sufuri. Ya kesho huongezwa juu ya ya leo, na siku kwa siku hupatikana mstari. Kipimo kikipanda na mstari ukipanda, wengi wamo safarini. Kipimo kikipanda na mstari ukishuka, wachache ndio wanaowabeba wenzao. Wengine huhesabu pia kampuni ngapi zimefikia bei ya juu kabisa ya mwaka, na ngapi zimefikia ya chini kabisa.

Hesabu hii si ramli. Huko Marekani mstari huo ulifika kilele Aprili 1998 ukaanza kushuka, na kipimo kikubwa cha kampuni 500 kikaendelea kupanda hadi Machi 2000 ndipo kikaporomoka. Aliyekimbia mapema alingoja karibu miaka miwili. Na kwetu Nairobi kuna hisa ambazo siku nyingine haziuzwi hata moja, kwa hivyo bei kusimama si dalili ya afya. Ya ghaibu ayajua Mwenyezi Mungu. Hesabu hii yakuonyesha tu nani yumo chomboni leo.

Mwisho wa mwaka 2023 NASI ilikuwa chini ya 100, na mbebaji mwenyewe alikuwa ameshuka chini ya shilingi 20. Ami hakutia hata senti. Alingoja maradhi ya korona yapungue, akangoja tena mwaka 2022 kwa kuwa waliozidi umri wa miaka 65 hawakuruhusiwa. Mwaka 2023 kikwazo hicho kiliondolewa, naye akaenda, akarudi salama.

Zile hisa zake za kale bado anazo, na kila akiniona huniuliza habari za soko. Siku hizi simwambii limepanda au limeshuka. Kwanza namwambia ni wangapi waliopanda, ni wangapi walioshuka.