Simu na Kompyuta Kuwa Kitu Kimoja (Sehemu ya 2): Ufunguo Utabaki kwa Nani?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza mfumo endeshi ni nini: programu mama inayosimamia chipu, kumbukumbu, kioo na programu nyingine zote ndani ya mashine. Leo tunaingia kwenye jambo lenyewe. Mifumo ya simu na mifumo ya kompyuta inazidi kukaribiana, na sisi wakazi wa Kamina tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa makini kuliko watu wengi wenye kompyuta mbili tatu nyumbani.

Kwetu mtu haanzi na kompyuta. Anaanza na simu, mara nyingi Itel au Tecno, na wengi huishia hapohapo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kamina anaweza kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo kwa vidole gumba, sura baada ya sura, kisha akaituma kwa Bluetooth au WhatsApp kwenye secrétariat public ili ichapishwe. Hapo ndipo taabu inapoanza. Jedwali lililokaa vizuri kwenye simu linafunguka kwenye kompyuta likiwa limevurugika, namba za kurasa zimeruka, tanbihi zimehamia ukurasa usio wake, na herufi fulani zimegeuka visanduku vitupu. Mchapaji analazimika kupanga upya, na kazi hiyo hulipiwa. Jenereta inanguruma, mafuta yanapungua, foleni inarefuka. Faili ni ileile na mwandishi ni yuleyule, lakini mashine mbili zimeisoma kwa namna mbili.

Ajabu ni kwamba mashine hizo ni ndugu wa karibu kuliko zinavyoonekana. Linus Torvalds wa Finland alianza kuandika Linux mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe, na leo kiini hicho ndicho kinachoendesha Android na pia ChromeOS, mfumo wa kompyuta mpakato za Google. Apple nao, walipotoa iPhone mwaka 2007, hawakuanza upya. Walichukua msingi wa mfumo wa kompyuta zao za Mac wakaurekebisha utoshee mfukoni. Msomaji wa Kamina ataelewa uzito wa jambo hili akikumbuka reli. Njia ya Kalemie hadi Kabalo ilijengwa kwa upana wa mita moja, wakati njia yetu, inayotoka Lubumbashi kwenda Ilebo, ina upana wa milimita 1,067. Behewa la kutoka Kalemie lisingeweza kutufikia mpaka njia ile ilipopanuliwa katika miaka ya 1950 na kuunganishwa nasi kwa tawi la Kabalo. Simu na kompyuta zilikwisha kupata upana mmoja wa reli zamani. Chipu nazo zimefuata: mwezi Novemba 2020 Apple walianza kuuza kompyuta zenye chipu ya M1, ya ukoo uleule wa chipu za simu, na programu nyingi za iPhone zikaanza kufanya kazi juu yake bila kuandikwa upya.

Vurugu ilitokea juu, kwenye sura ambayo mtumiaji anaiona. Mwaka 2012 Microsoft walitoa Windows 8 yenye vigae vikubwa vya kuguswa kwa kidole, wakaondoa kitufe cha kuanzia ambacho watu walikizoea tangu 1995. Mwenye kipanya na kibodi alijikuta mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Mwaka 2015, pamoja na Windows 10, wakaja na simu za Lumia zilizoweza kuunganishwa na kioo kikubwa. Wazo lilikuwa zuri, lakini watengenezaji wa programu walikwishahamia Android na iPhone, na ilipofika Januari 2020 mfumo ule wa simu ulikuwa umeachwa. Kampuni ya Canonical, inayotengeneza Ubuntu, ilijaribu mwaka 2013 kuchangisha dola milioni 32 ili kuunda simu ambayo ingekuwa kompyuta kamili. Ahadi zilizopatikana hazikufika milioni 13. Aprili 2017 mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, alitangaza kuiacha kazi hiyo, na ni watu wa kujitolea wanaoiendeleza hadi leo.

Sababu nyingine ya kushindwa iko kwenye mwili wa binadamu. Kidole gumba hufunika sehemu pana ya kioo. Kipanya hugusa nukta. Simu hushikwa karibu na macho na huonyesha jambo moja kwa wakati, ilhali anayeandika kazi ndefu anahitaji kuona maandishi yake, kitabu anachokirejelea na hesabu zake kwa pamoja. Ukilazimisha sura moja itumike pande zote mbili, utamuudhi mwenye simu na mwenye kompyuta pia. Samsung waliliona hilo mwaka 2017 walipoleta DeX kwenye Galaxy S8: simu ikiwa mkononi ni simu, ikiunganishwa na kioo, kibodi na kipanya, sura inabadilika kuwa ya mezani. Mwaka 2025 Google walieleza kwamba wanashirikiana na Samsung kuingiza uwezo wa aina hiyo ndani ya Android yenyewe, na kwamba ChromeOS na Android zitajengwa juu ya msingi mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia sahihi, na hapa kwetu ina faida isiyotajwa sana huko nje: umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 na zaidi. Simu hula wati chache tu, na hata ukiongeza kioo bapa kidogo, paneli ya jua ya kawaida na betri nzuri vinaweza kubeba kazi ya jioni nzima.

Lakini kuna jambo linalonikosesha utulivu. Kompyuta na simu zimelelewa kwa desturi tofauti. Kwenye kompyuta, mwenye mashine anaweka programu anayotaka, kutoka popote. Kwenye simu, kampuni ina duka lake na ndiyo inayoamua nini kiingie. Android imekuwa legevu kidogo, na sisi tumeishi kwa ulegevu huo. Mega za intaneti ni ghali, kwa hiyo mmoja anapakua programu na kuwagawia wenzake mkono kwa mkono, simu kwa simu, bila intaneti. Kamusi, vitabu vya masomo, programu za kuandikia: nyingi zimefika vijijini kwa njia hiyo.

Agosti 2025 Google walitangaza kwamba simu za Android zenye idhini yao zitahitaji programu za watengenezaji waliojitambulisha kwao, hata programu zisizotoka dukani kwao. Utaratibu ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Baada ya malalamiko, walisema wataacha njia kwa watumiaji wenye ujuzi. Sababu waliyoitoa ni kuzuia matapeli, na wizi wa pesa kupitia simu ni balaa la kweli linalostahili kupigwa vita. Hata hivyo, simu na kompyuta zikiwa kitu kimoja, desturi moja itaimeza nyingine. Kompyuta ikirithi kufuli la simu, kijana wa Kamina aliyeandika programu ndogo ya kuhesabu mavuno ya mahindi atalazimika kujiandikisha kwa kampuni ya ng'ambo kabla jirani yake hajaitumia kwa urahisi. Nataka irithiwe desturi ya kompyuta: onyo kali litolewe, kisha uamuzi ubaki kwa mwenye mashine.

Sehemu ijayo itahusu programu za ofisi za bure na namna ya kuhifadhi faili isivurugike. Kwa sasa, wewe unayetaka simu itakayokufanyia kazi ya kompyuta, usidanganywe na umbo la tundu la chaji. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lakini hazitoi picha kupitia hapo. Mwombe muuzaji aiunganishe na televisheni mbele yako. Picha isipotokea, usitoe franga zako.