Saikolojia kwa Alama ya C+

Matokeo ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, yakitoka, saiba za Satellite na Barabara ya Naivasha hapa Riruta, Nairobi, hujaa vijana wanaotafuta kozi. Anayetaka saikolojia kwa kawaida huuliza kama C+ inatosha. Kuomba shahada, inatosha. Kuipata nafasi ni hesabu nyingine, na inaniuma kwamba vijana wengi humaliza Kidato cha Nne bila kufundishwa hesabu hiyo.

KUCCPS, taasisi ya serikali inayoteua wanafunzi wa kujiunga na vyuo, haitazami gredi ya wastani peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne, na pointi za klasta hupatikana kwa kuchanganya masomo hayo na jumla ya masomo saba. Upeo ni 48. Chukua wanafunzi wawili wenye jumla ya pointi 48 kati ya 84, wote C+. Katika masomo manne ya klasta, mmoja ana 33, mwenzake 26. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi ni hii: pointi za masomo manne zigawanywe kwa 48, jumla igawanywe kwa 84, majibu hayo yazidishwe, kitafutwe kipeuo cha pili, kisha kizidishwe kwa 48. Wa kwanza anapata karibu 30.1, wa pili 26.7. Gredi yao ni moja, lakini hawashindanii nafasi zile zile.

Pointi za mwisho ambazo KUCCPS huonyesha kando ya kozi ni za mwanafunzi aliyeingia wa mwisho mwaka uliotangulia. Hupanda na kushuka kulingana na walioomba. Kwa hiyo usijaze machaguo yote kwa vyuo vya jijini ambavyo kila jirani anavijua. Weka kimoja unachokitamani hata kama kiko juu yako kidogo, kisha vingine ambavyo pointi zako zinavipita waziwazi, hata kama ni mbali na nyumbani. Na usimwachie mhudumu wa saiba akuchagulie. Yeye ana foleni, wewe una miaka minne mbele yako.

Soma pia jina la kozi kwa makini. Kuna saikolojia ya jumla, kuna saikolojia ya ushauri nasaha, na vyuo havidai masomo yale yale. Kwingine shahada ni ya sanaa, kwingine ya sayansi. Popote utakapokwenda utakutana na takwimu na mbinu za utafiti, kwa hiyo aliyeikimbia hisabati ajiandae kurudiana nayo.

Tangu mfumo wa ufadhili wa 2023, anayepelekwa chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa serikali lakini si ufadhili wa masomo. Mzazi alijue hilo kabla ya kubofya.

Kuhusu jina la chuo, nina msimamo mkali. Saikolojia ya tiba husomewa zaidi katika shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina uzamili wa saikolojia ya tiba. Huko wanauliza ulifanyaje katika shahada ya kwanza. Aliyepata daraja la pili la juu katika chuo kisichotajwa sana yuko mahali pazuri kuliko aliyepita kwa shida katika chuo kinachosifiwa.

Mwenye C au C- asiambiwe safari imeisha. Kwa kawaida C- hufungua diploma, na diploma inayotambuliwa hufungua shahada, mara nyingine kwa kupunguziwa baadhi ya masomo. Hatari iko kwenye vyuo vidogo vinavyotangaza ushauri nasaha kwenye kila nguzo ya stima. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Kabla ya kulipa hata karo ya muhula mmoja, taka barua mbili: ya kuonyesha nani ameidhinisha kozi hiyo, na ya chuo kikuu kitakachokupokea ukimaliza. Chuo kikikosa hata moja, peleka karo yako kwingine.