Betri ya Pili katika Gari ya Madrasa



Wengi wenu mnaukumbuka usiku ule wa Mfunguo Sita tulipokwenda kusoma maulidi katika kijiji kimoja cha Micheweni. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, lakini uwanja ule haukuwa na pa kuchomeka kitu. Basi betri ya Hiace yetu ndiyo iliyoendesha kipaza sauti tangu baada ya Isha mpaka karibu na saa sita. Mara mtoto mmoja akabanwa na pumu. Dereva akatia ufunguo, gari ikalia "tik" moja ikanyamaza. Wazee walikunja kanzu zao wakaisukuma kwenye mchanga hadi ikawaka. Mtoto alifika hospitali salama, Alhamdulillah, lakini tangu siku ile naulizwa: kwani gari haiwezi kuwa na betri mbili? Inaweza, na sasa inazo. Namna ya kuziunga ndipo penye kazi.

Betri ya kuwashia gari ina bamba nyembamba za risasi. Hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiikausha mara kwa mara hufa mapema. Ya pili iwe na bamba nene, kama zile za umeme wa jua. Hesabu yake si ngumu, hata darasa la sita wataiweza: kipaza sauti cha wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5, na kwa saa tano ni ampea-saa 25. Betri ya ampea-saa 100 inamudu bila ya kushuka chini ya nusu.

Zote mbili huchajiwa na altaneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini. Betri iliyojaa na kupumzika hupima kiasi cha volti 12.7. Altaneta hutoa karibu 14, na kwa tofauti hiyo umeme huingia ndani ya betri.

Sasa wapo wanaounga chanya kwa chanya kwa waya mtupu, wakadhani wamemaliza. Betri hizo zitajaa pamoja, na zitakwisha pamoja. Mtasukuma gari vile vile. Baina yake hutiwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme wenyewe. Altaneta ikianza kuchaji, rilei huziunganisha betri. Injini ikizimwa, huzitenga, na kipaza sauti kikabaki kunywa kwenye betri yake tu. Baadhi ya magari mapya yana altaneta inayopunguza volti ili kuokoa mafuta, na hayo huhitaji chaja maalumu badala ya rilei. Hiace yetu ni ya zamani, hatukuwa na haja hiyo.

Kwenye fyuzi sitaki mzaha. Ziwe mbili, kila moja karibu kabisa na chanya ya betri yake. Waya unapita chini ya viti mnavyokalia. Ukichubuka na kugusa bodi, kila betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa upande wake, na waya ukawa mwekundu kama kaa la moto. Fyuzi moja hulinda upande mmoja tu. Waya wenyewe uwe mnene, milimita za mraba 16 au zaidi, kwani mwembamba hupoteza volti njiani na betri haijai.

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, inayoripuka kwa cheche ndogo tu. Yetu imo ndani ya sanduku lililofungwa imara, lenye mpira wa kutolea hewa nje ya gari. Maji yakipungua huongezwa maji safi ya betri, si tindikali.

Wengine hudhani safari moja inatosha kuijaza. Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30, haifiki saa nzima, na betri kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea umeme kidogo kidogo. Kwa hiyo asubuhi ya baada ya maulidi tunaiweka kwenye chaja ya umeme wa nyumbani, madirisha wazi. Ikishapumzika saa kadhaa, mwanafunzi wa zamu huipima kwa mita na kuandika daftarini. Ikisoma chini ya 12.4, kipaza sauti hakitoki.