Mbolea ya ruzuku mpakani: Nani anajua nani ameipata?

GUNIA la mbolea likishavuka mpaka wa Kenya na Uganda, ni vigumu kujua lilinunuliwa kwa jina la nani. Ndiyo maana katika Kaunti ya Busia swali la nani hupata mbolea ya ruzuku lina uzito kuliko katika kaunti za bara.

Chanzo ni bei. Mnamo Septemba 2022, serikali ya Rais William Ruto ilishusha bei ya gunia la kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, kisha Agosti 2023 ikaipunguza hadi Sh2,500. Pengo hilo hufidiwa na mlipa kodi. Penye bei mbili za bidhaa moja hapakosi mlanguzi, na kati ya Busia na Malaba njia za panya ni nyingi. Inasemekana ni mpaka huu uliozaa jina bodaboda, kutokana na baiskeli zilizovusha watu na mizigo.

Mwaka 2023, machifu na manaibu wao walisajili wakulima pamoja na ukubwa wa mashamba yao. Kwa kutegemea sajili hiyo, mkulima hupokea ujumbe wa simu unaomweleza idadi ya magunia anayoruhusiwa kununua, kisha hulipa na kuyachukua katika bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) au kituo kingine kilichoteuliwa.

Kwa hivyo orodha ipo. Tatizo ni kwamba kompyuta haioni shamba. Mwenye ekari moja akijiandikisha kuwa na tano, wa kwanza kugundua ni jirani yake, wala si karani aliye Nairobi. Lakini jirani haioni orodha.

Kashfa ya mbolea ghushi ya mwaka 2024, iliyofanya Bunge la Taifa kupigia kura hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kabla ya kamati maalumu kumwondolea lawama, ilihusu kilichokuwa ndani ya gunia. Aliyelibeba hakuulizwa sana.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inalinda siri za mtu binafsi, na hapo ndipo maafisa hupata kisingizio.

Mvutano huo si wa Kenya pekee. Mnamo Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha kanuni za kuchapisha majina ya wakulima wote waliopokea ruzuku. Kanuni mpya za 2013 zilirejesha uchapishaji, ila zikawaficha wanaopata kiasi kidogo.

Busia yaweza kuanza na hatua nyepesi zaidi: kubandika idadi ya wakulima na magunia ya kila kata ndogo, bila nambari za simu wala vitambulisho, na majina yasomwe katika baraza la chifu.

Siku 21 si nyingi kwa ofisi. Lakini mvua ya masika huanza Machi, na mkulima wa Nambale atakayeandika ombi baada ya kukosa mbolea atajibiwa mahindi ya jirani yakiwa yameshaota.