Mcheza kwao hutuzwa

Ingia alasiri yoyote katika kibanda cha michezo ya PlayStation mjini Meru, Chuka au Embu, nawe utawakuta vijana wamekodolea macho skrini, kila mmoja akisubiri zamu yake. Mwalimu apitaye nje hutikisa kichwa na kunung'unika kwamba kizazi hiki kimepotea. Mimi nasita kutoa hukumu hiyo. Ninalojiuliza ni jambo jingine: miongoni mwa michezo inayochezwa humo, ni mingapi iliyobuniwa na mtu aliyelelewa kwa ngano zetu?

Jibu linatia uchungu, ingawa halikosi tumaini. Mwaka wa 2007, fani hii ilipokuwa bado ngeni nchini, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa tarakilishi uitwao The Adventures of Nyangi. Mhusika wake mkuu ni mwanamke Mwafrika anayesaka vitu vya kale vya bara hili. Mwaka wa 2009 Kirinya alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Games, ambayo baadaye iliitwa Leti Arts, ikiwa na makao Accra na Nairobi. Katika mfululizo wao wa Africa's Legends walimchukua Ananse, yule buibui mjanja wa ngano za Waakan, na Shaka wa Wazulu, wakawaingiza katika katuni na michezo ya simu.

Uamuzi huo wa kurejea kwenye ngano haukuwa pambo tu. Mbunifu wa mchezo humtwaa mhusika mwenye haja, akamwekea kanuni na vizuizi, kisha akapanga majaribu kuanzia jepesi hadi zito. Jaribu likiwa rahisi mno, mchezaji huchoka. Likiwa gumu kupita kiasi, hukata tamaa. Anayeshindwa haaibishwi, bali huanza upya akiwa amejifunza jambo. Je, si ndivyo afanyavyo mwalimu hodari? Na je, si ndivyo zilivyosukwa ngano za wazee wetu?

Chukua masimulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa. Yasemekana kwamba huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Na Mswahili hahitaji mkalimani wa kumfafanulia neno la kwanza. Watawala hao waliwatwika masharti yasiyowezekana. Walitaka kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wameru wakakikata katika ngozi ining'iniayo shingoni mwa ng'ombe. Walitaka tunda lililotumbukizwa shimoni. Shimo likajazwa maji, tunda likaelea. Walitaka mbwa mwenye pembe. Mbwa akabandikwa pembe za paa. Hatimaye walidai mkuki wa kufika mbinguni. Hapo werevu ulifika ukingoni, na watu wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji. Ni mbunifu gani wa Tokyo au California angeyapanga majaribu hayo vizuri zaidi?

Waembu nao wanaye Mwenendega na mkewe Ciurunji, waliokutanishwa, kwa mujibu wa masimulizi, kwenye maporomoko ya Mbui Njeru karibu na Runyenjes. Hazina hii iko mlangoni petu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati mwaka wa 2013, kimejengwa Nchiru, eneo lile lile lenye makao matakatifu ya baraza la Njuri Ncheke. Wazee wenye ngano na vijana wenye tarakilishi ni majirani. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha.

Kwa nini mwanaisimu ajishughulishe na haya? Kwa sababu lugha ya mchezo haisomwi kwa ajili ya mtihani. Anayeambiwa "ruka", "kwepa" au "vuka" asielewe, hushindwa papo hapo. Anayeelewa huendelea, na neno halimtoki tena. Kila saa anayoitumia kijana katika kibanda kile ni somo la lugha. Tukikaa kimya, somo hilo litaendelea kufundishwa kwa lugha za wengine, nacho Kiswahili, pamoja na Kimeru na Kiembu, kitabaki lugha ya kujibia maswali ya karatasi.

Mwaka wa 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu za tarakilishi shuleni. Mwalimu wa Kiswahili asidhani kwamba hilo ni jukumu la mwenzake wa sayansi peke yake. Awatume wanafunzi kwa babu na nyanya wakusanye ngano moja moja. Wabainishe haja ya mhusika, kanuni, vizuizi na tuzo. Waandike maagizo kwa Kiswahili sanifu. Kwa kazi hiyo hawahitaji umeme wala mashine, kwani karatasi na kalamu zatosha. Programu itafuata.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Vijana wetu wanacheza usiku na mchana, lakini wanacheza kwa wenyewe, na tuzo huenda huko huko.