Majeraha ya Bwenini na Huduma ya Uponyaji

Mchungaji atembeleaye nyumba za washarika wake hukutana mara kwa mara na mtu wa makamo, mwaminifu katika kazi na katika ibada, ambaye mkewe hajapata kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Akiulizwa, hujibu kwamba alizoea mapema. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba. Katika makala haya tunakusudia kueleza jeraha hilo ni la namna gani, na kwa nini imani ya Kikristo, iwezayo kuliponya, mara nyingi imetumiwa kulifunika.

Hatukusudii kuzishutumu shule zote za bweni. Wengi wetu tulilelewa humo, na Kanisa letu linazo hata leo. Katika miaka iliyofuata Uhuru, kijana wa Bukoba aliyepangiwa shule Songea alirudi nyumbani na ndugu wa makabila mengine, na faida hiyo si ndogo. Lakini huyo alikuwa kijana wa sekondari. Mtoto wa darasa la kwanza ni habari nyingine. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ikieleza kwamba watoto hao wanakosa nafasi ya kujenga uhusiano na wazazi na jamii yao. Agizo hilo linawahusu watoto wa sasa. Waliokwisha kukua wamebaki na yao moyoni.

Huko Uingereza, ambako desturi ya kuwapeleka watoto wadogo bwenini ni ya siku nyingi, mtaalamu wa tiba ya nafsi Joy Schaverien aliandika mwaka 2011 juu ya watu wazima waliomjia na dalili zinazofanana. Ametaja mambo manne: kuachwa, msiba, kifungo, na kujitenga na hisia. Neno msiba linastahili kuangaliwa. Mtoto huyu hakufiwa, kwa hiyo hakuna aliyekuja kumpa pole. Lakini katika siku moja aliwapoteza mama, baba, ndugu, lugha ya nyumbani na mahali pake pa kulala. Akilia, wenzake humcheka. Akikojoa kitandani, godoro lake huanikwa mbele ya watu wote. Basi hujifunza kutohisi, na watu wazima humsifu kwamba amekomaa.

Hapa ndipo imani huingia vibaya. Mtoto aliyesalishwa asubuhi na mtu yule yule aliyemchapa jioni hukua akimwona Mungu kama mwalimu wa zamu. Martin Luther aliijua hali hiyo. Alisimulia jinsi alivyochapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja, kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Mwaka 1497, kabla hajatimiza miaka kumi na minne, alipelekwa Magdeburg kusoma mbali na kwao, na baadaye huko Eisenach aliimba milangoni pa watu apate mkate. Alipowaandikia madiwani wa miji mwaka 1524 kuwahimiza waanzishe shule, alizifananisha shule za utoto wake na jehanamu, akapendekeza kwamba wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku, kisha warudi nyumbani kujifunza kazi. Ni ajabu kwamba sisi tunaojiita kwa jina lake hatulitaji sana pendekezo hilo.

Maandiko nayo yana mtoto wa bweni. Samweli aliachwa Shilo mara baada ya kuachishwa ziwa, katika nyumba ambamo wana wa Eli walifanya uovu (1 Samweli 1–3). Tumezoea kuhubiri utii wake, na mara chache tunahubiri ile kanzu ndogo ambayo mama yake alimshonea na kumletea kila mwaka. Hana alimtoa mwanawe kwa Bwana, wala hakuacha kuwa mama yake. Tena Samweli aliogopa kumwambia Eli neno alilosikia, mpaka mzee mwenyewe alipomsihi asimfiche. Mtoto hakufungua kinywa mpaka alipoulizwa, na muulizaji alikuwa tayari kusikia habari mbaya juu ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo huduma yetu haina budi kuanza kwa kuuliza na kusikiliza, wala si kwa kudai toba. Yatupasa kutofautisha hatia na aibu. Hatia hutokana na dhambi tuliyotenda, nayo huondolewa kwa neno la ondoleo. Aibu ya godoro lile haitokani na dhambi yoyote ya mtoto. Ukimwambia aungame, umemchapa mara ya pili. Huyu anahitaji kuambiwa, kwa mamlaka ile ile ya Injili, kwamba hakukosa, na kwamba katika ubatizo wake Mungu alimwita mwana kabla shule haijampa namba. Zaburi za maombolezo, kama ya 13 na ya 88, zitampa maneno aliyonyimwa.

Msamaha nao usiharakishwe. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, alipelekwa bwenini mwaka 1908, majuma machache baada ya kufiwa na mama yake, kwa mwalimu mkuu mkatili. Katika barua ya Julai 1963 alieleza kwamba ndipo tu alipotambua kuwa amemsamehe mtu huyo, baada ya kujaribu kwa miaka mingi. Alifariki Novemba mwaka huo huo. Tusimdai mshirika kwa juma moja jambo lililomchukua Lewis maisha yake yote. Wala msamaha hauzuii sheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa, na mchungaji ni mwanajamii.

Neno moja kwa ndugu zetu wachungaji wa shule. Msikubali kushika fimbo, hata mkiombwa na mkuu wa shule. Mtoto anayetafuta mtu wa kumweleza yanayotendeka bwenini usiku hutazama kwanza nani hachapi.